Gitaa kavu la marehemu baba: ni la wapi, na nianzie wapi kulipiga?

#1 Binti wa Shangani
Wakuu, habari zenu. Baba yetu alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake mimi nimepewa gitaa. Naomba wanaojua wanisaidie kulitambua.

Ni dogo kuliko magitaa ninayoyaona kanisani. Rangi ni ya kahawia, pembeni inaingia weusi. Kichwani hakuna jina. Nyuzi hazifungwi kwenye daraja, zinapita juu yake tu na kushikwa na bati lililopigwa skrubu kwenye makalio ya gitaa. Daraja lenyewe halikugundishwa, ukilisukuma linasogea. Vifungo vya kukazia ni vitatu kila upande juu ya kibati kimoja, na vichwa vyake vilikuwa plastiki nyeupe, sasa vimekuwa njano. Ndani nimemulika kwa tochi ya simu: kuna kikaratasi kilicholiwa na wadudu. Kinasomeka MADE IN, halafu tundu, halafu herufi A mwishoni. Basi.

Mama anasema baba alikuja nalo kutoka Nachingwea kabla hawajaoana, na walioana 1971. Baba mdogo anasema lilinunuliwa kwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Shangazi anasema alipewa na padri wa Ndanda. Wote watatu wanaapa.

Baba alilipiga jioni nyumbani Newala kwa vidole viwili tu, na nilipokuwa mdogo nililala kwa sauti hiyo. Nataka kulipiga mimi mwenyewe, bila kuliharibu. Nyuzi zimebaki mbili, zina kutu.

#2 Kitangari
Pole sana kwa msiba. Weka picha, hasa ya kichwa na ya huko kwenye bati.

#3 Mzee wa Mikindani
Hiyo ni galatoni, binti yangu, usisumbuke. Afrika Kusini kulikuwa na kampuni ya Gallo, hao hao waliouza santuri, na magitaa yao yaliitwa Gallotone. Vijana wa Tanganyika walioandikwa na WENELA, shirika la kuandika vibarua wa migodi ya huko, kwenda kuchimba dhahabu walirudi na blanketi, sanduku la bati na galatoni begani. A ya mwisho ni ya SOUTH AFRICA.

#4 Fundi Nyuzi
Shikamoo mzee wangu. Historia naikubali, hitimisho bado. Huku kwetu kila gitaa kavu liliitwa galatoni hata kama limetoka kwingine, kwa hiyo jina la mtaani halithibitishi kitu. Gallotone zilikuwa na kikaratasi ndani chenye ahadi ya Kiingereza kwamba gitaa halitapasuka. Dada, mulika tena utazame kama kuna maneno mengine hata nusu.

Halafu chukua futi kamba. Pima kutoka kile kimfupa cha juu, pale nyuzi zinapoachana na kichwa, hadi chuma cha 12 kati ya vile vilivyokatiza shingo, ukihesabu kuanzia kichwani, kisha zidisha mara mbili. Huo ndio urefu wa uzi unaolia. Tazama pia vidoa vya shingoni viko chuma cha ngapi, na ukingo wa tundu la sauti: ukiona mistari ya tabaka ujue ni plaiwudi, ukiona nyuzi za mti zinashuka moja kwa moja basi ni ubao mmoja.

#5 Kijana wa Chuno
Gallotone Champion ndilo gitaa alilokuwa nalo John Lennon wa Beatles siku aliyokutana na mwenzake Paul McCartney mwaka 1957. Dada likithibitika usimwonyeshe mtu wa Kariakoo kabla hujatuambia.

#6 Mzee wa Mikindani
Huyo Lennon sisi hatukumjua. Tuliyemjua ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, anaimba Kiswahili kabisa na gitaa moja utadhani wamekaa watu wawili. Vidole viwili, gumba na cha shahada. Binti amesema baba yake alipiga kwa vidole viwili. Mnataka ushahidi gani tena?

#7 Nyanda za Makonde
Mzee, vidole viwili vinatambulisha mpigaji. Gitaa lolote duniani unaweza kulipiga kwa vidole viwili.

#8 Binti wa Shangani
Asanteni. Nimepima: kutoka kimfupa hadi chuma cha 12 ni sentimita 29. Vidoa viko chuma cha 5, 7, 10 na 12. Ukingo wa tundu una tabaka tatu. Maneno mengine kwenye karatasi hakuna, wadudu wamemaliza. Picha nimeziweka.

#9 Fundi Nyuzi
29 mara mbili ni 58. Magitaa ya kawaida yanacheza kwenye 65 hivi. Lako ni la saizi ndogo inayoitwa robo tatu, na Gallotone Champion nalo lilikuwa robo tatu, hapo Mzee wa Mikindani anapata pointi.

Ila hicho kidoa cha 10 kinanisumbua. Wamarekani huweka doa kwenye chuma cha 9, na Wajapani waliojifunza kwao hivyo hivyo. Wanaoweka kwenye cha 10 mara nyingi ni mafundi wa Ulaya ya kati, Wajerumani na majirani zao. Na huko kuna nchi inayoishia na A: CZECHOSLOVAKIA, iliyokoma kuwapo mwisho wa 1992.

Ngoja niongeze hapa maana ni habari nzuri. Kuna mji wa nchi hiyo unaitwa Luby, zamani ukiitwa Schönbach, mji wa mafundi wa fidla na magitaa waliozungumza Kijerumani. Kampuni ya Höfner ilianzia hapo mwaka 1887. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Wajerumani wale walifukuzwa, wengi wakahamia Bubenreuth upande wa Ujerumani Magharibi, ndiko zikakua kampuni za magitaa za Framus na Höfner. Waliobaki Luby waliendelea na kazi ile ile chini ya serikali ya kikomunisti, na magitaa yao mengi yalipewa jina Cremona. Ndiyo maana gitaa la Kicheki la miaka ya 1960 na la Kijerumani la wakati huo unaweza kudhani ni ndugu: bati mkiani, daraja la kusogea, rangi inayoingia weusi pembeni. Mimi kura yangu iko Luby.

#10 Mama Ndanda
Basi shangazi asipuuzwe. Ndanda ni misheni ya Wabenediktini kutoka Ujerumani tangu 1906. Mapadri na mabradha walileta vinanda, tarumbeta, vitabu, vyombo vya karakana. Gitaa lingeshindikana vipi? Babu yangu alisoma pale na alifundishwa kusoma noti.

#11 Kijana wa Chuno
Lakini GERMANY haiishii na A.

#12 Mama Ndanda
Mjerumani amekatazwa kununua gitaa la Kicheki?

#13 Mtu wa Mtama
Mnazunguka sana. A ni ya CHINA. Wachina walipojenga TAZARA, 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa bidhaa zao kuuzwa madukani kwetu. Baiskeli, majembe, mashati, tochi, vyote vya China. Mjomba wangu alinunua gitaa la Kichina Lindi mjini, limeandikwa Lark na kandege kamechorwa. Dogo, tabaka tatu, bati mkiani. Lipo mpaka leo, kuku wanatagia juu yake.

#14 Nyanda za Makonde
Mtu wa Mtama, mama amesema kabla ya 1971. Bidhaa za TAZARA zilikuwa hazijajaa madukani wakati huo.

Hebu someni tena posti ya kwanza. Mama anasema Nachingwea, baba mdogo anasema mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Nyinyi mnaona hadithi mbili, mimi naona moja. Miaka ya 1960 kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa wapi? Nachingwea. Mtu wa Msumbiji unampata pale pale bila kuvuka mto. Na FRELIMO walisaidiwa na nchi za kisoshalisti, China ikiwamo na Czechoslovakia ikiwamo. Gitaa likaja na mtu, mtu akahitaji hela au akapelekwa mstari wa mbele, gitaa likabaki na mzee.

#15 Mtu wa Mtama
Na wakufunzi wa Kichina walikuwapo Nachingwea. Umenisaidia, ahsante.

#16 Nyanda za Makonde
Sikukusudia kukusaidia.

#17 Mzee wa Mikindani
Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma miaka mingi kabla ya vita, wakaja kukata mkonge Lindi na Tanga. Wengine walikuja na magitaa. Na yaliyouzwa Msumbiji yalitoka wapi? Jirani yake ni Afrika Kusini. Nimerudi pale pale nilipoanzia.

#18 Seremala Ligula
Wakati mnagombania herufi moja, mimi nimeangalia picha ya tatu. Chini ya gitaa pana unga mweupe mezani. Dada, huo ni unga wa fukusi. Je, unaendelea kudondoka?

#19 Binti wa Shangani
Unadondoka kaka. Nikifuta asubuhi, baada ya siku kadhaa upo tena. Jirani ameniambia nimwagie mafuta ya taa kisha nilianike juani.

#20 Seremala Ligula
Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mafuta ya taa yanaingia kwenye mbao na hapo gundi haitashika tena maisha, na harufu haitoki. Jua la Mtwara nalo ni baya zaidi. Magitaa ya zamani mengi yamegundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, inalainika kwa joto na unyevu. Ubao wa mbele utabenuka, shingo itainuka, utakuja kwangu na mbao badala ya gitaa.

Njia wanayotumia watu wa makumbusho ni baridi. Legeza nyuzi zote, funga gitaa kwenye nailoni nzito na utoe hewa, libandike vizuri, kisha weka kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki moja au mbili. Ukilitoa usifungue nailoni mpaka lirudi joto la chumba, la sivyo umande utashika kwenye mbao. Wenye mafriza ya samaki pale feri wanaweza kukupa nafasi.

#21 Fundi Nyuzi
Kwa gitaa lenye rangi ya kung'aa naogopa friza. Rangi ngumu ya zamani inaweza kupasuka nyufa ndogondogo. Mimi ningetumia sindano na dawa ya fukusi kwenye kila kitundu, polepole, kutokea ndani pale inapowezekana.

#22 Seremala Ligula
Rangi ikipasuka gitaa linalia vile vile. Ubao ukigeuka unga halilii.

#23 Kitangari
Friza la samaki! Gitaa litatoka linanukia changu. 😂

#24 Mpingo Lindi
Jambo jingine mlilopita juu juu. Gitaa limeishi Newala juu kwenye nyanda, sasa liko Shangani karibu na bahari. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, mbao zinanyonya na kuvimba, ubao wa mbele unapanda na nyuzi zinakuwa juu. Dada usishtuke ukiona nyuzi ziko mbali na shingo kuliko unavyokumbuka. Liache litulie, liwe mbali na dirisha la upande wa bahari.

Na hilo daraja kwenye picha limekatika mguu mmoja. Mafundi wa vinyago wapo kila kona mjini, mmoja akuchongee jipya kwa mpingo. Mti huu huu Wazungu wanautumia kwa klarineti na obo. Misitu ya vijiji ya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mwaka 2009. Hatuna sababu ya kuagiza daraja la plastiki.

#25 Fundi Nyuzi
Mpingo ni mzuri, ila ni mzito mno, ukiutumbukiza majini unazama. Daraja zito kwenye gitaa dogo linameza sauti. Chonga jembamba sana, au tumia mninga na juu uweke kimfupa cha ng'ombe. La zamani usitupe, ndilo litakaloonyesha urefu na upinde.

#26 Mpingo Lindi
Jembamba sawa. Mninga hapana.

#27 Mwalimu wa Kwaya
Mimi nafundisha gitaa, ngoja nirudi kwenye swali la pili maana hakuna aliyeligusa.

Dada, usianze na kitabu. Anza na gitaa lenyewe, limeandika kila kitu. Futa shingo kwa kitambaa kikavu, mulika tochi kwa ubavu na uangalie vyuma vimelika wapi. Mtu akipiga nyimbo zile zile miaka mingi, uzi unachimba chuma pale kidole kinapokandamiza. Angalia pia kama kuna alama iliyozunguka shingo kwa nyuma.

#28 Binti wa Shangani
Mwalimu, nimeangalia! Nyuma ya shingo kuna mstari mweupe kama mkanda, usawa wa chuma cha pili. Vyuma vilivyochimbika ni cha 3, cha 4 na cha 5. Cha 1 na cha 2 ni vizima kabisa, na kuanzia cha 6 kwenda juu pia.

Huo mkanda naujua. Baba alikuwa anafunga kipande cha penseli juu ya nyuzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

#29 Mwalimu wa Kwaya
Umenipa furaha leo. Baba yako alifunga penseli chuma cha pili, akapiga maumbo ya C, F na G saba, yaani mikao ya vidole inayofanya nyuzi kadhaa zilie pamoja. Umbo la C peke yake lingegusa vyuma vya 1, 2 na 3. Sogeza mbele viwili kwa ajili ya penseli: 3, 4 na 5. F na G saba zinaangukia kwenye vyuma hivyo hivyo vitatu. Zote zinasikika kwenye ufunguo wa D, ambao kwa mwanaume mwenye sauti ya kati ni mzuri kuimbia.

Kwa hiyo fanya kama yeye. Penseli na mpira, chuma cha pili. Shika C. Gumba lipige uzi wa tano kisha wa nne (tunahesabu kuanzia uzi mwembamba), wa tano kisha wa nne, bila kusimama, polepole kabisa. Gumba likizoea kutembea lenyewe, ndipo cha shahada kianze kuchomeka uzi wa pili na wa kwanza katikati ya hatua za gumba. Usihamie F mpaka uweze kuongea na mtu huku gumba linatembea. Mzee wa Mikindani amesema Mwenda alisikika kama watu wawili. Mtu wa kwanza ni gumba.

#30 Mzee wa Mikindani
Hapo umesema, Mwalimu. Vijana siku hizi wanakimbilia kucharaza nyuzi zote sita kwa pamoja, gumba halijafunzwa adabu.

#31 Kijana wa Chuno
Samahani, mimi nimekuza picha ya kichwa. Kile kimfupa cha juu mfereji mpana uko upande wa nyuzi nyembamba. Si ingekuwa kinyume? Mzee alikuwa wa mkono wa kushoto?

#32 Fundi Nyuzi
Macho makali. Mfereji mpana ni wa uzi mnene, ukikaa upande huo gitaa lilifungwa nyuzi kwa mtu wa kushoto. Dada, kile chuma cha 3, kimechimbika zaidi upande gani ukilishika kwa mkono wa kulia? Upande wa sakafu au wa uso wako?

#33 Binti wa Shangani
Upande wa sakafu. Na baba alilima kwa kulia, aliandika kwa kulia. Nyundo tu alishika kushoto.

#34 Fundi Nyuzi
Basi havipatani. Chuma kinasema nyuzi nyembamba zilikuwa chini kama kawaida, kimfupa kinasema zilikuwa juu. Kimfupa kilitolewa kikarudishwa kinyume wakati wa matengenezo.

#35 Nyanda za Makonde
Au kimfupa ni cha mwenye gitaa wa kwanza, yule wa ng'ambo ya Ruvuma, na mzee akapiga juu ya mifereji isiyo yake.

#36 Mwalimu wa Kwaya
Au mzee alibadilisha mkono baada ya kuumia. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyehamia kushoto baada ya kukatwa kidole kwenye mashine ya korosho. Dada muulize mama.

#37 Binti wa Shangani
Mama hakumbuki jeraha. Baba mdogo anasema lipo. Nimewaacha wanabishana.

Nyuzi nitapata wapi na za aina gani? Kuna mtu ameniambia niweke mshipi wa kuvulia.

#38 Msimbati
Mshipi unalia. Sisi tumekua kwa magitaa ya galoni la mafuta yenye mshipi, na uzi mwembamba tulichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

#39 Fundi Nyuzi
Kwa gitaa la galoni ni sawa. Kwa hili, bati la mkiani ni dalili lilitengenezewa nyuzi za chuma, na nyuzi ziwe na kishanga mwishoni. Agiza Dar seti nyepesi kabisa, inayoanzia na kumi, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Seti ya kumi na mbili kwenye gitaa la kawaida inavuta zaidi ya kilo 70, sitaki hiyo ikae juu ya ubao ulioliwa na fukusi. Na mwanzoni tyuni chini hatua moja nzima.

#40 Mwalimu wa Kwaya
Hiyo ya kushusha siiungi mkono. Shingo ni fupi. Uzi ule ule kwenye 58 badala ya 65 unavuta pungufu kwa karibu moja ya tano, sauti ikiwa ile ile. Ukishusha tena zitalegea na kugonga vyuma. Tyuni kawaida, nafuu ameshaipata kwenye urefu.

#41 Fundi Nyuzi
Ashushe wiki ya kwanza tu, ubao ujizoeze.

#42 Seremala Ligula
Fukusi kwanza! Nyuzi baadaye.

#43 Binti wa Shangani
Mrejesho. Niliweka friza, Seremala asante, unga umekoma mpaka sasa. Daraja limechongwa kwa mpingo mwembamba hapa hapa mjini. Nyuzi za kumi zimekuja na basi. Penseli ipo chuma cha pili na gumba linatembea, ingawa bado siwezi kuongea na mtu. Tatizo: chini kwenye C ni sawa, lakini nikikandamiza uzi wa kwanza chuma cha 12 unasikika juu kidogo kuliko nikiugusa tu bila kukandamiza pale pale. Ni kawaida?

#44 Mpingo Lindi
Mpingo! Nilisema.

#45 Fundi Nyuzi
Daraja liko mbele mno. Lisukume kuelekea kwenye bati, kidogo sana, upana wa unyayo wa sisimizi, tyuni tena, linganisha tena. Rudia mpaka sauti mbili zilingane, kisha fanya na uzi wa sita. Daraja litakaa mshazari kidogo, upande wa nyuzi nene ukiwa nyuma zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Likishakaa weka alama ya penseli pande zote mbili.

#46 Binti wa Shangani
Limekubali. Asante sana kaka.

#47 Mtu wa Mtama
Hongera dada. Mimi nimekwenda kumfukuza kuku wa mjomba nikahesabu vidoa vya ile Lark. Kimoja kiko chuma cha 10.

#48 Fundi Nyuzi
Piga picha. Na ya kikaratasi pia.